MSHIPI NA UZI WA MBELE KWA KADIRI YA KINA CHA MAJI
Maelezo kwa wavuvi wa ndoana katika nchi ya Sikonge

Watu wanaovua kwa ndoana hunijia mara nyingi kuniuliza habari za chambo. Huuliza kama mnyoo ni bora kuliko panzi, au kama donge la ugali lafaa kutiwa mafuta. Ni nadra mtu kuniuliza habari za mshipi. Mshipi hununuliwa dukani kama chumvi inunuliwavyo, kwa kutaja bei tu, kisha huo huo mmoja hutumiwa masika na kiangazi, penye maji ya magoti na penye maji yanayopita kimo cha mtu. Karatasi hii ni kwa ajili ya kuonyesha kwamba desturi hiyo ina hasara, tena mara nyingine ina hatari.

Nianze na hatari. Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, kijana wa jirani yangu alikwenda na wenzake kuvua katika dimbwi la mto. Maji mahali pale yalikuwa futi tatu tu, lakini yeye alikuwa na mshipi mnene wa kuvulia maji marefu, na chubwi nzito iliyokaa chini kama jiwe. Ndoana ikashika kisiki. Akavuta, mshipi haukukatika kwa sababu ya unene wake. Akavuta tena, ukamkata kiganja. Basi akaona uchungu kuipoteza ndoana, akaingia majini mpaka kiunoni ili aichomoe kwa mkono. Mamba alimkamata mkono wa kushoto. Wenzake walimpigania kwa fito na mayowe, akaokoka, lakini mkono ule haukunyooka tena. Nilipoletewa mshipi ule kuutazama niliona kwamba kosa lilianza nyumbani, siku alipoufunga. Mshipi wote, toka mkononi hata ndoana, ulikuwa uzi mmoja wa nguvu moja. Hapakuwa na mahali padhaifu pa kukatika.

Yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya jambo hilo kwanza, na kwa ajili ya kitoweo pili.

MAJI YA KWETU

Mvuvi wa pwani hukuta bahari ile ile leo na kesho, illa kupwa na kujaa. Sisi maji yetu hugeuka kabisa mara mbili kwa mwaka. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mito ya Wala na Koga hupeleka maji yake katika mto Ugalla, na Ugalla humwagika katika Malagarasi, ambao huishia katika ziwa Tanganyika. Wakati wa mvua mito hii hutoka katika kingo zake na kutandaa mbugani, maji yakawa mapana sana lakini si marefu. Kiangazi kikikaza, mwendo wa maji hufa, na mto hubaki kuwa mfululizo wa madimbwi, moja hapa na jingine kule, na katikati yake mchanga mkavu.

Wasafiri wa zamani waliijua hali hiyo. Mwaka 1871 Stanley alipozuiwa na vita vya Mirambo asiende Ujiji kwa njia iliyozoeleka, aliondoka Tabora mwezi wa Septemba akazunguka upande wa kusini, na msafara wake ukapiga kambi penye maji ya mto Gombe. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua dimbwi gani hukauka na lipi hudumu, maana kosa moja katika hesabu hiyo lilikuwa kiu ya watu mia.

Basi mvuvi wa Sikonge anakutana na namna nne za maji: maji mapana ya mbugani, maji yaendayo ya mtoni, madimbwi marefu ya kiangazi, na mabwawa yaliyojengwa na watu. Kila namna yataka mshipi wake, au walau uzi wake wa mbele.

Neno hili "uzi wa mbele" nalitumia kwa maana ya kipande kile cha mwisho, kati ya mshipi na ndoana. Wengi hawakitengi na mshipi. Lakini ndicho kinachoonwa na samaki, na ndicho kinachosuguliwa na meno yake. Tena kikifungwa vema ndicho kinachokatika badala ya mshipi wote.

KUPIMA KINA

Usipime kina kwa miguu yako. Mto Ugalla una mamba na viboko, na dimbwi likizidi kupungua ndivyo wanavyozidi kusongamana humo.

Njia iliyo salama ni hii. Chukua uzi mgumu, ukaupige fundo kila dhiraa moja, yaani inchi 18. Mafundo manne ni pima moja, futi sita. Funga jiwe dogo mwishoni, funga boya la bua la mtama kwenye fundo unalolidhania, kisha utupe ukiwa umesimama ukingoni. Boya likilala ubavu juu ya maji, kina ni kidogo kuliko ulivyodhani, maana jiwe limekwisha kufika chini na uzi umelegea. Boya likizama, kina ni kikubwa zaidi. Likisimama wima na kichwa chake nje, umepata. Fanya hivyo mahali patatu au panne, uweke moyoni. Kazi hii haichukui hata robo ya saa, na dimbwi ulilolipima mwezi wa Agosti utalikuta na sura ile ile Septemba, illa limepungua.

KWA NINI MSHIPI MMOJA HUELEA NA MWINGINE HUZAMA

Hapa ndipo penye kiini cha habari, nami nitakaa kidogo.

Kila kitu kina uzito wake kikilinganishwa na maji. Tukiyahesabu maji kuwa 1, nailoni ni kama 1.14. Kwa hiyo nailoni huzama, lakini polepole sana, na ikiwa nyembamba yaweza kukaa juu ya ngozi ya maji muda mrefu isizame. Ule uzi mwingine mgumu unaong'aa kidogo na kuuzwa ghali, uitwao fluorokaboni, ni kama 1.78, huo huzama upesi zaidi. Nyuzi zilizosokotwa kwa poliethilini, zile laini zisizonyumbuka, ni 0.97, yaani nyepesi kuliko maji, hizo huelea. Pamba huelea ikiwa kavu, ikinywa maji huzama, tena huoza. Mtu mwenye uzi wa pamba na ausugue kwa nta ya nyuki. Nta haikubali maji, nayo ni nyepesi kuliko maji. Katika nchi yetu yenye mizinga mingi hakuna sababu ya kukosa donge la nta mfukoni.

Zamani, kabla nailoni haijatangazwa na Wamarekani mwaka 1938, matajiri wa Ulaya walivulia mishipi ya hariri iliyosukwa na kupakwa mafuta ya kitani. Kila jioni iliwapasa kuinyosha ikauke, la sivyo ilioza. Na uzi wa mbele ulikuwa wa ajabu zaidi: walichukua mdudu wa hariri kabla hajaanza kujizungushia nyuzi, wakamtoa kile kifuko cha hariri tumboni, wakakivuta kikawa uzi mmoja mgumu, mfupi. Kazi hiyo ilifanywa sana Murcia katika Hispania. Vipande hivyo vilipaswa kulowekwa kabla ya kufungwa, maana vikiwa vikavu vilivunjika kama kijiti. Naeleza haya si kwa ajili ya hadithi, bali kuonyesha kwamba hata watu wale walitenga mshipi na uzi wa mbele, wakavifanya kwa vitu mbalimbali.

Unene nao una sheria yake. Uzi wenye unene maradufu una nguvu kama mara nne, na hilo lapendeza. Lakini maji yaendayo huusukuma mara mbili zaidi, hivyo chubwi iliyotosha jana haitoshi leo. Tena mwendo wa maji ukizidi mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne. Ndiyo maana mvuvi wa mtoni mwenye mshipi mnene huongeza chubwi, na kwa chubwi kuzidi akaongeza unene wa mshipi, na kwa unene kuzidi akaongeza chubwi tena, mpaka akawa kama anayevulia jiwe la kusagia. Njia ya kutoka katika mzunguko huo ni kuanza na mshipi mwembamba iwezekanavyo, usio dhaifu.

WAVUVI WA INZI NA HESABU YAO

Iko namna moja ya uvuvi ambayo hapa kwetu haijulikani sana, lakini hesabu yake ya kina ni nzuri kuliko zote, nasi twaweza kuiazima. Ni uvuvi wa inzi wa bandia. Samaki trauti waliletwa katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare, Kenya, tangu mwaka 1905, na watu huwavua kwa ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na mdudu. Chambo hicho hakina uzito wa kutupika. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio mzito, nao hutupwa kwa kuzungushwa hewani juu ya kichwa, na inzi hufuata tu.

Tangu mwaka 1961 mishipi hiyo imepewa namba kwa uzito wa futi 30 za kwanza. Namba 5 ni gramu 9 hivi, namba 8 ni gramu 13 na nusu hivi. Namba ni ya uzito tu. Haikuambii kama mshipi huelea au huzama. Mtu hununua namba 8 ya kuelea, ambayo ngozi yake ya plastiki ina vipovu vidogo vya hewa, au namba 8 ya kuzama, ambayo ngozi yake imechanganywa na unga wa chuma kizito kiitwacho tungsteni. Na ile ya kuzama huandikwa mwendo wake kwa inchi katika sekunde moja.

Sasa hesabu. Dimbwi lina pima moja, futi sita, yaani inchi 72. Mshipi wa kuzama inchi 3 kwa sekunde utafika chini kwa sekunde 24. Wa inchi 6 utafika kwa sekunde 12. Ule wa katikati, wa inchi moja na nusu, utachukua sekunde 48, na mtu asiye na subira atakuwa ameuvuta kabla haujafika nusu. Basi mvuvi hutupa, huhesabu kimya kimya, na kila mara huongeza hesabu kidogo mpaka ndoana inaposhika majani ya chini. Hapo hupunguza hesabu mbili tatu, na kuanzia saa hiyo ndoana yake hupita juu tu ya majani, mahali samaki walipo. Nimeifanya hesabu hii kwa mshipi wangu wa mkono na chubwi ndogo, nikaiona inafaa kabisa. Haihitaji fimbo ya bei wala manyoya.

Walakini penye mwendo wa maji hesabu hiyo huharibika. Mto uendao futi moja kwa sekunde utakuwa umeichukua ndoana futi 24 chini ya mto katika zile sekunde 24. Kwa hiyo itupe upande wa juu wa mto, mbali na samaki unayemkusudia, ili ipate muda wa kushuka kabla ya kumfikia.

Jambo la pili tunaloweza kujifunza kwao ni urefu wa uzi wa mbele, nalo huwashangaza wanafunzi. Mtu hudhani kwamba maji yakiwa marefu uzi wa mbele uwe mrefu pia. Sivyo. Kwa mshipi wa kuelea, uzi wa mbele ni futi 9, na penye maji matulivu, meupe, hufika 12, ili samaki asiuone mshipi wenyewe. Lakini kwa mshipi wa kuzama ni futi 3 mpaka 5 tu. Sababu yake ni ule uzito niliokwisha kuutaja: mshipi mzito hushuka upesi, na nailoni, kwa kuwa ina uzito karibu sawa na maji, hubaki nyuma na kupinda kwenda juu. Uzi ukiwa mrefu, mshipi utalala chini na ndoana itaelea pima moja juu yake, na mvuvi atajidanganya kuwa anavua chini.

Nao hupima unene wa uzi wa mbele kwa alama ya X. Toa namba iliyo mbele ya X katika 11, utapata unene kwa elfu za inchi. Alama 4X ni elfu 7 za inchi. 1X ni elfu 10. Ukikuta karatasi yenye alama hiyo katika duka la mjini, hutababaika.

Katika Tanzania wageni huja kuvua kwa inzi katika mito ya Mnyera na Ruhudji, nchi ya Kilombero. Samaki wanayemtaka ni yule mwenye mistari ubavuni na meno marefu yanayoonekana hata akifumba kinywa, ambaye wao humfananisha na chui milia. Samaki wa ukoo huo wamo pia katika maji ya Malagarasi. Kwa huyo uzi wa mbele wa nailoni ni bure, maana huukata kama wembe. Hutiwa waya mwembamba wa chuma, urefu wa shubiri moja na nusu hivi, kisha nailoni.

MAJI MAPANA YA MBUGANI

Maji ya masika yakiwa magotini au mapajani, samaki huingia katika majani kula na kuzaa. Hapa chubwi haifai kabisa, au iwe ndogo kama punje ya mtama. Tumia mshipi wa kuelea, boya dogo la bua, na uzi wa mbele wa nailoni wenye unene wa milimeta 0.20 hivi, ambao ukiwa wa aina njema huinua kilo mbili au tatu. Perege ana kinywa kidogo na huonja kabla ya kumeza. Akiona uzito wa chubwi hutema. Ndoana iwe ndogo, na kutoka boya mpaka ndoana iwe nusu ya kina ulichopima, kisha ushushe kidogo kidogo.

Maji ya masika ni ya tope. Katika tope samaki haoni unene wa uzi, basi ukiwa na mashaka ongeza unene, hutapoteza kitu. Kiangazi, maji yakitulia na kuwa meupe, fanya kinyume.

MAJI YAENDAYO

Hapa nitapita upesi, maana yaliyo makubwa nimekwisha kuyasema. Mshipi uwe mwembamba, utupwe juu ya mto, na chubwi iwe ya kutosha kugusa chini mara kwa mara pasipo kukaa. Ukiona chubwi imekaa pale pale, ni nzito mno. Ukiona mshipi umenyoka juu ya maji na hauguswi na kitu, ni nyepesi mno. Chubwi ya risasi usiiume kwa meno ili kuibana, kwa kuwa risasi ni sumu. Nati ya baiskeli iliyochakaa yafaa vile vile.

MADIMBWI MAREFU

Haya ndiyo maji ya kambare, na ndiyo yenye visiki. Ukipima utakuta pima moja, pengine mbili kwenye kona ambapo mto hukata ukingo. Kambare hula chini, usiku hasa, na mshipi hauna budi kufika chini.

Fanya hivi. Mshipi wenyewe uwe wa nailoni ya milimeta 0.50, ambao ukiwa wa aina njema huinua kilo 15 hivi. Uzi wa mbele uwe wa milimeta 0.40, unaoinua kilo 10 hivi, urefu wa dhiraa moja. Wako watakaobisha wakisema uzi wa mbele uwe mnene kuliko yote, kwa sababu kambare ana meno madogo mengi kama tupa, ambayo husugua uzi mpaka ukalika. Neno lao ni kweli, nami ndiyo sababu sisemi 0.30. Lakini ukifunga 0.50 mpaka kwenye ndoana, siku itakaposhika kisiki utakuwa umesimama pale aliposimama yule kijana. Afadhali kuutazama uzi wa mbele baada ya kila samaki, kuupitisha kati ya kucha mbili, na ukisikia mkwaruzo kuukata na kufunga mwingine. Nailoni ya dhiraa moja ni kitu kidogo.

Chubwi nayo usiifunge katika mshipi moja kwa moja. Ifunge kwa uzi wake wa pembeni, mfupi, tena dhaifu kuliko vyote, kama 0.25. Mara nyingi kinachonasa ni chubwi, si ndoana. Uzi huo utakatika, chubwi itabaki chini, nawe utavuta samaki wako na ndoana yako. Kijiwe kilichotobolewa au nati yatosha, na haliumi moyo kukipoteza.

Ukitumia waya kwa ajili ya samaki mwenye meno, mahali padhaifu pasiwe kwenye waya bali juu yake: tia kipande cha nailoni cha shubiri moja, kilicho chembamba kuliko mshipi, kati ya mshipi na waya.

Ndoana ikishika, usivute kwa mkono mtupu wala usizungushe mshipi kiganjani. Uzungushe katika kijiti, geuza mgongo, na urudi nyuma polepole mpaka ukatike. Na utakatika mahali ulipopachagua mwenyewe. Wala usisogee majini hatua moja, hata kama maji ni ya vifundoni, hata kama wenzako wanacheka.

MABWAWA

Mtu aliyezoea madimbwi, akifika penye bwawa kubwa kama lile la Igombe karibu na Tabora, hudhani kwamba samaki wakubwa wako penye kina kirefu kuliko chote. Si lazima. Maji yaliyotulia siku nyingi katika joto hujigawanya: ya juu yana hewa, ya chini hayana. Ziwa Tanganyika lenyewe lina kina cha meta 1,470, lakini samaki hukaa katika sehemu ya juu tu, kadiri ya meta 100 mpaka 200, kwa kuwa chini ya hapo maji hayana hewa ya kuvuta. Kambare aweza kupanda juu na kuvuta hewa yetu hii, lakini perege hawezi kukaa chini pasipo na hewa. Kwa hiyo bwawani anza na boya na kina cha dhiraa mbili, alfajiri, karibu na majani. Jua likipanda shusha mpaka dhiraa nne. Ukishusha hata chini na chambo kikarudi kizima mara tatu, panda juu tena.

MAFUNDO, NA KUTUNZA

Fundo lo lote hupunguza nguvu za uzi. Lilowe kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikisuguana kavu hupata moto na kudhoofika pale pale penye fundo. Kisha vuta kwa nguvu ukiwa nyumbani. Likifunguka nyumbani umepata hasara ya uzi. Likifunguka mtoni umepoteza samaki.

Jua huiharibu nailoni kuliko maji. Mshipi ulioanikwa juu ya paa msimu mzima utaonekana mzima, kumbe utakatika kwa samaki wa kilo moja. Uweke ndani, gizani, mbali na mafuta ya taa na dawa za tumbaku.

Vipande vilivyokatika usiviache ukingoni. Pamba ingeoza, nailoni haiozi, nayo hufunga miguu ya ndege na kunyonga fisi-maji. Nchi ya mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi iliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya mataifa ya maeneo ya maji yenye thamani, na ndege wake ni sababu mojawapo. Vikunje, urudi navyo nyumbani.

Jambo la ruhusa nalo lijulikane. Sehemu ya mto Ugalla iliyokuwa pori la akiba imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu mwaka 2019, na mtu asitie ndoana humo kwa kufuata mazoea ya zamani. Nje ya hifadhi, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza baruti na sumu. Uliza kwa afisa wa uvuvi wa wilaya kabla ya kwenda, si baada ya kukamatwa.

Mishipi yako mitatu, yaani wa kuelea, wa mtoni, na wa dimbwini, izungushe kila mmoja katika gunzi lake la mahindi, na ndoana zake uzichome ndani ya gunzi ncha zikiingia. Chonga alama kwenye gunzi: mstari mmoja kwa maji ya magoti, miwili kwa maji ya mtoni, mitatu kwa maji marefu. Hata gizani utaijua kwa kupapasa.